Blanketi Jekundu la Mtoto Mzito

Mgeni rasmi, Madamu Connie, Mkurugenzi wa shirika la Mwanzo Mwema. Viongozi wa mtaa mlioketi naye. Wavuvi wetu ambao leo mmekubali kuvaa mashati. Kinamama wote wa mwaloni, pamoja na watoto mliolala na mliokataa kulala:

MAKARIBISHO

Karibu tena Gisenyi, karibu mwaloni kwetu, hapa ufukweni mashua za samaki zinapofikia. Kiti ulichokalia tumekifuta zaidi ya mara moja. Ukiona gamba limebaki, ujue ni la sambaza mbishi, hawa dagaa wetu wa ziwani, si la uzembe wetu.

Tunakusomea kwa Kiswahili kwa sababu hapa mpakani tuko wa upande huu na wa upande wa Goma, na hii ndiyo lugha tunayogombania bei sote. Anayesoma ni Umutesi, katibu wetu. Alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu, lakini maneno ni ya kikundi kizima na tuliyabishania siku nyingi.

Tukwambie mapema usije ukashtuka katikati: risala hii imeandikwa na watu wenye wivu. Tulijaribu kuiandika bila wivu, ikatoka fupi mno na haikuwa na ukweli ndani yake. Tukaichana, tukaanza upya.

HISTORIA YETU

Kikundi chetu kilizaliwa hapa hapa, kati ya kinamama wanaongoja mashua za sambaza ziingie asubuhi. Tuko wa aina mbili. Wako wanaovuka: hao hubeba beseni la sambaza wabichi kichwani, wakapanga foleni Grande Barrière, kwenye kizuizi cha mpakani, wakauza Goma, wakarudi jua limeshaelekea magharibi. Na wako wanaoanika: hao hukaa kando ya vichanja kutwa nzima, wakigeuza sambaza na kufukuza ndege, huku wakiwalinda watoto wa wenzao waliovuka.

Anayevuka humwonea wivu anayeanika kwa sababu anashinda na mtoto wake. Anayeanika humwonea wivu anayevuka kwa sababu anarudi na habari za Goma, na wakati mwingine na viatu vya Goma. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na ilikuwa inavumilika.

Mwaka jana, katika wiki hii hii ya kuhimiza kunyonyesha, ulikuja, Madamu. Ulitufundisha vizuri, kisha mwishoni ukatoa zawadi. Ulisema mtoto mzito kuliko wote walio chini ya miezi sita mama yake apewe blanketi. Lilikuwa jekundu, nene, lenye ua kubwa katikati. Alilipata Mutoni. Mutoni ni mwenzetu na tunampenda, lakini tangu siku hiyo hajaliweka chini. Mvua ikinyesha analo, jua likiwaka analo, akienda misa kanisani kule Nyundo analo, na mtoto mwenyewe siku hizi anatembea, hataki kubebwa. Sisi wengine tumelitazama blanketi hilo mwaka mzima tukimeza mate. Mbele ya mgeni hatusemi uongo. Lilituuma.

TULIYOFANIKIWA

Mafundisho yako hayakuanguka chini. Leo hakuna mama wa kikundi hiki anayeyamwaga maziwa ya kwanza, yale ya njano mazito, akidhani ni machafu. Mtoto akizaliwa tunaomba alazwe kifuani kwa mama papo hapo, na ndani ya saa ile ya kwanza anaanza kunyonya. Hatumpi maji, hatumpi asali, hatumpi uji mpaka atimize miezi sita. Hapo tunamwanzishia chakula laini huku anaendelea kunyonya mpaka miaka miwili, na zaidi kama yeye na mama yake wanataka.

Bibi zetu waligoma, hilo tulilitarajia. Mama mkwe wa mmoja wetu alikuja kumwona mjukuu akiwa ameficha kikombe cha maji ya sukari chini ya kitenge. Tukamkuta mlangoni.

"Munataka mutoto akauke koo?" alituuliza. "Hata maji?"

Tulimwambia maziwa ya mama yana maji yote ambayo mtoto anahitaji, hata siku za joto. Tukamketisha, na yale maji ya sukari tukamnywesha yeye.

Wanaovuka wamejifunza kukamua. Mama hunawa mikono kwa sabuni, hukamua kwenye kikombe safi chenye kifuniko, akakiacha mahali pa baridi, na mtoto hunyweshwa kwa kikombe, si kwa chupa ya chuchu ambayo kuiosha vizuri ni shida. Kila kikombe kimefungwa uzi wa rangi yake ili maziwa ya huyu yasimfikie mtoto wa yule. Na kila mwezi Vénantie, mshauri wa afya wa mtaa wetu, hutundika mizani kwenye boriti ya kibanda cha nyavu akawapima watoto wote mbele ya mama zao.

Kukamua kwenyewe tunakamulia nyuma ya mashua iliyopinduliwa, ile iliyooza. Hilo tutalirudia.

CHANGAMOTO, NAYO NI DONATHA

Donatha ni huyo wa safu ya pili mwenye kitambaa cha manjano. Ameturuhusu tumtaje, mradi Akaliza naye atajwe. Akaliza yuko safu hiyo hiyo, mwisho kabisa upande wa pili.

Donatha anavuka, Akaliza anaanika. Walijifungua wiki moja, Donatha akampata Ineza, Akaliza akampata Cyiza. Tangu mwanzo Cyiza alikuwa bonge la mtoto, mashavu yamemjaa hadi macho yakawa madogo. Si ajabu, mama yake alikuwa naye kutwa, akifungua mdomo tu anapewa titi. Ineza alikuwa mwembamba na mchangamfu. Vénantie hakuona tatizo.

"Ineza anaongezeka muzuri," alimwambia Donatha. "Tunamupima na uzito yake ya mwezi ilipita, hapana na mutoto ya jirani."

Donatha aliitikia. Lakini Cyiza alipotundikwa, Donatha aliitazama sindano ya mizani mpaka ikatulia, na ilipotulia alitazama pembeni.

Kila asubuhi Donatha alikwenda nyuma ya ile mashua akakamua huku wavuvi wakipita na nyavu zao. Mmoja akikohoa, maziwa yanagoma. Kikombe chake cha uzi wa bluu hakikuwahi kufika hata nusu. Alimwachia Akaliza mtoto na kikombe, akajitwika beseni, akaenda. Akifika kwenye foleni ya mpaka ndipo maziwa yanakuja yenyewe, bila kuombwa, yanalowesha blauzi mbele ya watu. Alikuwa akivuta kitenge juu na kusonga mbele, akiwaza kwamba wakati huo huo Akaliza amekaa chini, amempakata mwanawe, na hana haraka ya kwenda popote. Wivu ulimwanzia hapo, kwenye foleni, kabla hata hajaliwaza blanketi.

Siku moja sambaza walinunuliwa upesi, akarudi mapema. Alimkuta Ineza amelala fofofo mgongoni kwa Akaliza, mkono wake mdogo umekamata ukosi wa nguo ya Akaliza. Cyiza alikuwa mapajani ananyonya.

"Aliliaka?" Donatha aliuliza.

"Kidogo tu. Akisikia sauti yangu ananyamaza."

Akaliza alisema hivyo kwa wema, sisi tulikuwepo na tunaweza kuapa. Lakini Donatha hakuyasikia hivyo.

"Bon, nipe mutoto wangu."

"Iko nalala, Donatha. Umuache kwanza."

"Mi sijakuuliza kama iko nalala."

Alimfungua mgongoni kwa Akaliza kwa mikono yake mwenyewe. Ineza aliamka, akaangua kilio, akageuza kichwa huku na huku akiutafuta mgongo aliotolewa. Donatha alikwenda naye nyumbani wakilia njia nzima, mama na mtoto, kila mmoja kwa sababu yake.

Kuanzia kesho yake Ineza hakuletwa tena mwaloni. Donatha alimpeleka kwa shangazi wa mumewe. Na hapo alikuwa ameshapanga mambo mawili moyoni: mtoto wake asimjue tena Akaliza, na siku ya mgeni mtoto huyo huyo amshinde Cyiza kwenye mizani, blanketi lije kwake, apite nalo mbele ya vichanja polepole kama Mutoni.

Hapa kwetu, Madamu, nawe unajua, maziwa ya ng'ombe ni heshima. Mgeni anapewa maziwa, bibi harusi anapewa maziwa, na ukimtakia mtu heri unamtakia ng'ombe. Kitu kinachowafaa watu wazima kwenye sherehe, Donatha aliona hakiwezi kumdhuru mtoto. Alinunua maziwa ya ng'ombe kwenye kioski, akayaongeza maji ili yamfikishe shangazi hadi jioni, akaacha na chupa ya chuchu. Kukamua akaacha. Aliona raha kuacha, kwa sababu nyuma ya mashua ile hakuwahi kupapenda.

Siku za kwanza Ineza alionekana ameshiba kweli. Tumbo lilijaa. Jioni Donatha alizunguka makusudi ili apite naye karibu na Akaliza.

"Unaona mashavu yake?"

"Naona," Akaliza alisema, akaendelea kugeuza sambaza.

Kisha Ineza akaanza kuhara. Donatha hakumwambia mtu. Siku ya kupima alimleta amemvisha nguo juu ya nguo, soksi, kofia ya sufu, na kitambaa kizito kiunoni, katika jua kali. Vénantie alimvua kimoja kimoja. Kadiri alivyomvua, ndivyo mtoto alivyozidi kuwa mdogo. Sindano ilisimama chini ya pale iliposimama mwezi uliotangulia. Hakuna aliyecheka. Midomo ya Ineza ilikuwa imekauka na macho yameingia ndani.

"Donatha, ulimupatia nini?" Vénantie aliuliza.

"Maziwa ya ngombe. Na maji kidogo."

"Na yako?"

"Yangu ilipunguka."

Vénantie hakugomba. Walikwenda kituo cha afya muda ule ule, Akaliza akiwafuata nyuma na mfuko wa nguo ambao hakuna aliyemwomba aubebe. Ineza alitibiwa akapona, tunamshukuru Mungu. Muuguzi alimweleza Donatha kwamba tumbo la mtoto mchanga haliko tayari kwa maziwa ya ng'ombe, na kwamba maji na chupa vinaweza kumletea ugonjwa. Akamwambia pia kwamba maziwa ya mama hupungua mtoto asiponyonya, na hurudi akinyonya. Amweke kifuani kila anapotaka, mchana na usiku, asimpe kitu kingine. Maana yake ni kwamba Donatha hangeweza kuvuka kwa muda. Angekaa na mtoto mpaka maziwa yarudi, na yasiporudi hakujua angefanya nini.

Tulikubaliana kupokezana beseni lake. Zamu ya kwanza aliidai Akaliza.

"Mi nataka mutu mwingine," Donatha alisema.

"Mwingine nani? Wote wako na beseni zao. Mi niko na vichanja, na vichanja haikimbie."

Basi Akaliza alivuka. Na aliyevuka lazima amwache mtoto, na aliyebaki mwaloni na mikono mitupu alikuwa Donatha. Akaliza alimkabidhi Cyiza na kikombe cha uzi mwekundu, akaondoka bila kugeuka nyuma. Tulijua kwa nini hakugeuka.

Ineza alinyonya akalala. Cyiza akaanza kulia. Donatha alikifunua kikombe, akakuta kimejaa hadi ukingoni. Akaliza alikuwa amekijaza nyuma ya mashua ile ile, wavuvi wale wale wakipita. Hilo peke yake lilimtosha Donatha kununa. Ametuambia mwenyewe alichowaza. Angekimimina mchangani, Cyiza angelia mpaka jioni, na kama angefanya hivyo kila zamu ya Akaliza, mizani ya siku ya mgeni ingesema mengine. Sisi tulikuwa tumempa mgongo, tuko na ndege na sambaza. Alikishika kile kikombe, na mtoto alikuwa amefungua kinywa akimngoja, hana habari ya blanketi wala ya mizani.

Akamnywesha. Alimnywesha polepole, kidogo kidogo, mpaka kikombe kikaisha, akamweka begani mpaka mtoto akacheua. Cyiza akalala pale pale, mkono umekamata ukosi wa nguo ya Donatha.

Akaliza alirudi amejifunika kitenge mpaka shingoni, blauzi imelowa. Alisimama mbele yao.

"Aliliaka?"

"Kidogo tu," Donatha alisema. "Akisikia sauti yangu ananyamaza."

Uso wa Akaliza ulibadilika. Tuliuona sote, na kila mama hapa anaujua uso ule kwa sababu amewahi kuuvaa.

"Nipe mutoto wangu."

"Iko nalala."

"Donatha, nipe mutoto."

Donatha akampa. Anasema tangu Ineza azaliwe hakuwahi kufurahi namna ile, na kwamba jioni hiyo maziwa yake yalishuka mengi hadi Ineza akapaliwa. Vénantie anasema maziwa yalirudi kwa sababu mtoto alinyonyeshwa mara kwa mara kama muuguzi alivyoagiza. Donatha anasema muuguzi alisaidia.

Ineza ananyonya sasa na hapewi kingine. Donatha ameanza kuvuka tena, na anamwachia Akaliza mtoto na kikombe. Hawapendani sana, ila kila mmoja anajua mwenzake anabeba nini kwenye ile foleni.

MAOMBI

Mgeni rasmi, blanketi tumeliona. Liko mezani hapo mbele yako, limekunjwa, jekundu kama lile la Mutoni, na hakuna hata mmoja wetu ambaye hajalitupia jicho tangu uketi. Asubuhi ya leo Vénantie amewapima watoto wote. Ineza ameongezeka vizuri kwa kadiri yake. Cyiza ndiye mzito kuliko wote. Kwa utaratibu uliouweka mwenyewe, blanketi ni la Akaliza.

Tunaomba usimpe.

Tulilipigia kura kabla ya leo, kwa kunyoosha mikono, maana mizani ya kila mwezi ilishatuonyesha atakayeshinda. Donatha alikuwa wa kwanza kunyoosha, na hatutakudanganya kwamba alinyoosha kwa moyo mweupe. Hataki kuliona mgongoni kwa Akaliza, basi. Sisi wengine tulimfuata, na mioyo yetu haikuwa myeupe sana kuliko wake. Akaliza alibaki na mikono mapajani, kwa kuwa blanketi alilitaka, na mtoto wake angelipata kwa haki, kwa maziwa ya mama yake na si kwa kingine chochote. Kisha akamgeukia Donatha.

"Donc, blanketi ile ikikuwa kwangu, na we ubaki tena na Cyiza na kikombe, utamunywesha?"

Tulitaka Donatha aseme ndiyo. Hata yeye tunadhani alitaka.

"Sijui," Donatha alisema.

Akaliza akanyoosha mkono.

Kwa hiyo, Madamu, tunaomba watoto wetu wasishindanishwe uzito. Mmoja atakuwa mnene na mmoja mwembamba hata wakinyonya sawasawa, na mama aliyeshindwa kwenye mizani atakwenda kioski kama Donatha, au atafanya jambo baya zaidi, na wa kulipia ni mtoto. Tunaomba pia utusemee kwa wahusika wa mpakani, mama anayenyonyesha apitishwe mbele, arudi kwa mwanawe mapema.

Na tunaomba mahali pa kukamulia. Wavuvi wametuachia kona ya kibanda cha nyavu. Ina kuta, ina paa, tumeiosha, tumeweka benchi, ndoo ya maji na sabuni. Haina mlango, na wanaopita bado wanakohoa. Tunaomba blanketi hilo ulitundike wewe mwenyewe leo liwe mlango wetu. Kila mama apite chini yake akajaze kikombe chake kwa raha, na asiwepo hata mmoja wa kulifunga mgongoni. Mutoni tumemwuliza kama lake lingefaa kwa dirisha. Amekataa.

Misumari imeshapigiliwa. Wa kulia ameupigilia Akaliza, wa kushoto ameupigilia Donatha. Ilikuwa sawasawa jana jioni, lakini leo asubuhi tumekuta wa Donatha umepanda juu kidogo. Blanketi litakaa upande, Madamu, na Akaliza amesema likae hivyo hivyo, mradi linaziba.

Mungu akupe safari njema, akujalie nyumba yenye sauti za watoto walioshiba, na akurudishe kwetu mwaka ujao bila zawadi.

Ni sisi,
Kikundi cha Kinamama wa Sambaza, wanaovuka na wanaoanika,
Gisenyi, Rubavu.